Theluji imetoka kijivu na lenzi imeingia ukungu: je, magofu yasubiri majira ya joto?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwanafunzi kutoka Tanga, na huu ni mwaka wangu wa kwanza Newcastle, Uingereza. Januari nilikwenda Whitby na rafiki yangu kupiga picha magofu ya abasia (makao ya kale ya watawa), siku moja baada ya theluji kuanguka. Betri ilikuwa imejaa tulipotoka, lakini baada ya muda mfupi kamera ikazima. Theluji kwenye picha imetoka kijivu kama saruji, na uso wa rafiki yangu, ambaye ni mweusi kama mimi, hauonekani kabisa. Tulipoingia mgahawani kunywa chai lenzi ikajaa ukungu. Nikaifuta kwa skafu na kuiweka juu ya hita ikauke. Sasa naona vidoadoa ndani ya kioo, na nimeshauriwa niifukie kwenye mchele. Kamera ni ya zamani kidogo, niliinunua ya mtumba. Katikati ya Februari binamu yangu anakuja kutoka nyumbani na tumepanga kwenda kwenye Ukuta wa Hadrian, pale kwenye ngome ya Warumi ya Housesteads. Je, ninunue kamera mpya, au nisubiri tu majira ya joto?"

Marahaba, mdogo wangu. Usinunue kamera, na usiahirishe safari. Yote yaliyokupata Whitby, yaani betri, theluji ya kijivu, uso uliopotea na ukungu, yangempata pia mtu mwenye kamera ya bei mara kumi ya hiyo yako. Kila moja lina sababu yake na dawa yake, na dawa nyingi hazina gharama. Kinachonitia wasiwasi ni lenzi iliyokaa juu ya hita, nayo tutaifikia.

Nianze na hili la kusubiri, maana ndilo ningependa ulitoe kichwani kabisa. Sisi tuliokulia pwani tunazoea kuamini kwamba picha nzuri inataka jua kali. Gofu halitaki hivyo. Paa limekwenda, plasta imekwenda, rangi imekwenda. Kilichobaki ni mawe na alama zilizoachwa juu ya mawe, na alama huonekana kwa kivuli chake. Kama umewahi kupiga picha msikiti na makaburi ya Tongoni, kule kwetu Tanga, saa sita mchana, unajua jinsi kuta zile za matumbawe zinavyopoteza kina, zikabaki bapa. Housesteads iko takriban nyuzi 55 kaskazini ya ikweta. Katikati ya Februari, saa sita mchana, wakati jua la Tanga liko karibu utosini, la kule linakuwa nyuzi 22 hivi tu juu ya upeo wa macho. Desemba halifiki hata 12. Kwa hiyo nuru inapita ubavuni mwa mawe mchana kutwa, na kila alama ya patasi inapata kivuli chake.

Ukifika, nenda kwanza kwenye lango la mashariki la ngome. Warumi walianza kujenga ukuta huu mwaka 122 BK, na kwenye kizingiti cha lango hilo bado kuna mifereji iliyochimbwa na magurudumu ya mikokoteni yao. Mchana wa Juni unaweza kuipita ukidhani ni mawe yaliyochakaa tu. Asubuhi ya Februari jua likipanda kutoka kusini-mashariki, ukingo mmoja wa mfereji unang'aa na mwingine unazama kivulini, na hapo unaona wazi uzito wa gari lililopita na kupita. Inama, shusha kamera hadi karibu na ardhi, piga ukiielekeza sambamba na mfereji. Kisha nenda kwenye maghala ya nafaka. Utakuta nguzo fupi za mawe zimepangwa kwa safu. Zilibeba sakafu ili hewa ipite chini na nafaka isioze. Theluji ikitua juu ya kila nguzo, mpangilio ule unajionyesha wenyewe, huhitaji ufundi mwingi.

Halafu geuka utazame mteremko wa kusini, nje ya ngome. Kuna matuta ya kilimo cha zamani ambayo majira ya joto yanafichwa na nyasi. Theluji nyembamba na jua la chini huyatoa moja baada ya jingine. Wanaakiolojia hutumia kanuni hiyo hiyo wanapopiga picha kutoka angani kutafuta kuta na mitaro iliyofukiwa. Nasisitiza theluji nyembamba: ile ya kufika kwenye soli ya buti inatosha. Ikifika magotini imefunika kila ulichokifuata. Na kabla hujaikanyaga simama kwanza, panga picha utapigia wapi, kwa sababu ukishaweka nyayo zako katikati ya uwanja mweupe huwezi kuzifuta.

Sasa theluji ya kijivu. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kimeundwa kikidhani kwamba mandhari yoyote, ukichanganya vyeupe na vyeusi vyake, inarudisha mwanga wa kiasi cha kati, ambao kwa desturi huhesabiwa kuwa asilimia 18. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90. Kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza mpaka ufikie kile inachokijua, na theluji yako inakuwa saruji. Haijakosea kwa hesabu zake. Ni wewe unayejua kwamba mbele yako kuna theluji, na ni lazima uiambie.

Unaiambia kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kuongeza stopu moja ni kuongeza mwanga mara mbili. Siku ya mawingu, theluji ikiwa nusu ya picha, anza na +1. Ikijaza picha yote, au jua likiwaka, nenda +1.7 hadi +2. Kisha tazama histogramu, yaani grafu ya mwanga wa picha, giza likiwa kushoto na weupe kulia, usiitegemee sura ya picha kwenye skrini, kwa sababu nje penye weupe mwingi skrini hudanganya. Milima ya ile grafu iegemee kulia bila kugota ukingo wake. Ukisogea ukapiga picha jiwe peke yake, rudi kwenye sifuri. Hapo ndipo wengi husahau, na mawe yote ya mchana huo yanatoka yamepauka. Kama kamera yako inaweza kuhifadhi picha za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, washa. Zinabeba taarifa zaidi za kurekebishia, na kwenye theluji utazihitaji, hasa kuondoa ule ubluu unaoingia kivulini kwa sababu kivuli cha theluji kinaangazwa na anga.

Suala la uso wa rafiki yako ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ndugu zetu wengi wanarudi kutoka nchi hizi na albamu nzima ambayo wao wenyewe ni vivuli tu mbele ya majengo, na wanaishia kuamini kwamba mtu mweusi hatoki vizuri penye theluji. Si kweli, na naomba usiiamini kamwe. Kilichotokea ni kwamba kamera ilipopunguza mwanga ili kuitia theluji ukijivu, iliupunguza na usoni kwa kiasi hicho hicho. Cheupe kikishushwa stopu mbili kinakuwa kijivu, bado unakiona. Uso mweusi ukishushwa stopu hizo mbili unaingia gizani. Ukiongeza mwanga mpaka theluji iwe nyeupe, na uso unarudi, mradi vyote viwili vinapata nuru ile ile.

Sharti hilo la mwisho ndilo la kushika. Pale Whitby bila shaka ulimsimamisha rafiki mbele ya yale madirisha marefu, anga ya bahari ikiwa nyuma yake. Nuru ilikuwa mgongoni kwake, na hapo hata +2 haitoshi. Mgeuze atazame upande nuru inakotoka, au msimamishe mahali ambapo theluji iliyoangaziwa na jua iko mbele yake, si nyuma, ili iurudishe mwanga usoni kutoka chini. Unapata nuru laini ambayo studio hulipia vifaa kuipata. Kama unataka lazima gofu liwe nyuma na anga ing'ae, basi chagua: pima mwanga usoni kwa kipimo cha nukta, yaani kile kinachopima sehemu moja ndogo tu ya picha, na ukubali anga iungue, iwe nyeupe tupu. Ukitumia kipimo hicho, kumbuka kwamba kamera itataka kuufanya uso wake kijivu cha kati. Ngozi yake ni nyeusi kuliko hapo, kwa hiyo shusha theluthi mbili za stopu hadi stopu moja ili ngozi ibaki na weusi wake halisi. Kwa simu, bonyeza usoni mpaka kiboksi kitokee, kisha telezesha kidole kuongeza au kupunguza mwanga. Mimi nikilazimika kupoteza kimoja, napoteza anga.

Betri yako haikufa. Ndani ya betri za lithiamu umeme hutembea kwa mwendo wa kikemikali, na baridi huupunguza mwendo huo. Volti zinashuka chini ya zile ambazo kamera inazitaka, nayo inazima ikidhani chaji imekwisha. Ukiipasha betri joto, sehemu kubwa ya chaji inarudi. Nunua betri moja ya akiba. Ukiacha lenzi, hii ndiyo pesa pekee ya vifaa ninayokushauri utoe. Iweke mfuko wa ndani wa shati, karibu na mwili, na uwe unabadilishana nazo: moja kwenye kamera, moja kifuani. Usiipashe kwenye hita, na usiichaji ikiwa bado ina ubaridi wa barafu, maana kuchaji betri ya lithiamu chini ya nyuzi sifuri huiharibu moja kwa moja. Simu nayo ikae mfuko wa ndani.

Sasa ukungu. Huenda unadhani baridi ya nje ndiyo iliyoleta maji, lakini lenzi ilikuwa salama kabisa nje. Hewa ya baridi haina uwezo wa kubeba unyevu mwingi: kwa nyuzi sifuri, mita moja ya ujazo ya hewa hubeba gramu 5 hivi za mvuke, na kwa nyuzi 20 hufikia gramu 17. Mgahawa ule ulikuwa na joto, chai inachemka, watu wanapumua. Ulipoingia na kioo chenye baridi ya barafu, hewa iliyokigusa ilipoa ghafla, ikashindwa kuubeba unyevu wake, ikautua pale. Ndivyo soda iliyotoka kwenye friji inavyotoka jasho mezani, na hakuna anayesema soda imevuja. Nyumbani jambo hili hutokea kinyumenyume: unatoka na kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto la Tanga, na kioo kinafunga ukungu.

Dawa yake ni mfuko wa plastiki wenye zipu, na kitu cha muhimu ni lini unautumia. Kamera iingie mfukoni ukiwa bado nje, kwenye ile hewa kavu ya baridi. Bana hewa itoke, funga, ndipo uingie ndani. Unyevu utatua juu ya plastiki badala ya kioo. Uiache ndani ya begi kwa saa moja au mbili mpaka ilingane na joto la chumba. Kama unataka kuziona picha zako mara moja, toa kadi ya kumbukumbu kabla hujafunga mfuko. Na mkienda Housesteads, ukiingia mahali kwa muda mfupi tu kupasha mikono moto, iache kamera kwenye begi lililofungwa. Ukiitoa kila unapoingia na kutoka, kila mara unaipa nafasi ya kuloa, na ukirudi nje maji hayo yanaweza kuganda.

Nje adui wako ni pumzi yako mwenyewe. Usipulize kioo kwa mdomo kuondoa theluji, kwa sababu pumzi ina mvuke na inaganda hapo hapo. Tumia brashi laini au kipulizio cha mpira. Flashi izime theluji inapoanguka, la sivyo punje zilizo karibu zitatoka kama madoa meupe makubwa. Ukitaka punje zionekane zimesimama hewani, kasi ya shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga, iwe 1/500 ya sekunde au zaidi. Ukitaka michirizi, 1/60, na mawe meusi yawe nyuma yake, kwani theluji mbele ya anga nyeupe haionekani.

Kuhusu skafu: abasia ya Whitby iko juu ya jabali linalotazama Bahari ya Kaskazini, na upepo wa hapo hubeba chumvi na mchanga. Kufuta kwa sufi kioo chenye chumvi juu yake ni kukikwaruza. Siku nyingine ukitoka pwani, pulizia kwanza, kisha futa taratibu kwa kitambaa cha lenzi kilicholowa kidogo.

Katikati ya Februari jua la kule huchomoza kama saa 1:30 asubuhi na kuzama kama saa 11:15 jioni, na kwa kuwa linazama kwa mshazari, mwanga wa magharibi unakaa dakika 35 hivi, kuliko dakika 20 na kitu za nyumbani. Ni muda wa thamani, lakini usiutumie wote halafu ukajikuta unateremka gizani kwenye barafu. Angalia mapema siku na saa za kufunguliwa pamoja na ratiba ya basi, kwa sababu vyote hupungua wakati wa baridi. Droni iache nyumbani, hairuhusiwi kurushwa pale bila kibali. Na kama binamu ameona mtandaoni picha za ule mti uliosimama peke yake kwenye bonde la ukuta, pale Sycamore Gap, mwambie ulikatwa Septemba 2023.

Nakusihi pia msipande juu ya ukuta, hata kama kuna nyayo za waliotangulia. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yaliyoingia katikati ya mawe huyasukuma kidogo kidogo kila usiku wa barafu. Jiwe lililoonekana imara Agosti linaweza kuwa limelegea Februari. Litakudondosha wewe, au litadondoka lenyewe baada ya miaka karibu 1,900. Tembea pembeni, na ukiona udongo umelowa sana uzunguke, kwa kuwa chini yake kuna mabaki ambayo hayajachimbwa.

Binamu anatoka kwenye joto, kwa hiyo mavazi yake yapangeni kabla hajapanda ndege. Pamba ikilowa haitunzi joto. Ndani avae sufi au nguo ya mazoezi, juu yake kitu kizito, juu kabisa koti lisilopitisha upepo. Mikononi glovu nyembamba za kubonyezea vitufe, na juu yake zile nene zisizotenganisha vidole. Mwulize kwa upole kama ana selimundu au pumu. Baridi inaweza kumwanzishia mwenye selimundu maumivu makali, na mtu kama huyo azungumze na daktari wake kabla ya safari, si baada.

Mkiwa huko, tazamaneni. Vitabu vingi husema ngozi iliyoumizwa na baridi huwa nyekundu au nyeupe. Kwenye ngozi zetu tafuta sehemu iliyopauka, yenye ukijivu, iliyokakamaa au isiyo na hisia. Ingieni ndani, pasheni vidole kwapani, msivisugue wala msiviweke kwenye hita, maana kidole chenye ganzi hakijui kinapoungua. Ganzi isipoondoka baada ya nusu saa ya joto, au malengelenge yakitokea, pigeni 111 kwa ushauri au mwende hospitali. Mtu akianza kukokota maneno, kujikwaa au kuchanganyikiwa, na hasa akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, hiyo ni dharura: 999, na mkiwa mbali na barabara ombeni polisi, kisha waokoaji wa milimani.

Imebaki lenzi. Usiifukie kwenye mchele. Mchele una vumbi na wanga, na hauwezi kuvuta kilichoko kati ya vioo. Fungua hadi mwisho tundu lake la kupitishia mwanga, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Ukiona vumbi la punje punje, endelea kuitumia, halionekani kwenye picha. Ukiona miduara ya maji yaliyokauka, nyuzi nyembamba zenye matawi, ambazo ni kuvu, au mng'ao wa mafuta kwenye visu vya tundu (vile vibati vyembamba vinavyolifungua na kulifunga), jambo ambalo joto la hita linaweza kulisababisha, ipeleke kwa fundi wa kamera kabla ya Februari. Mweleze ukweli wote, pamoja na hita, na umwombe bei kabla hajaifungua. Lenzi za kawaida zinazouzwa na kamera za mtumba mara nyingi hugharimu kidogo kuliko kuoshwa, na akikwambia hivyo mwamini, nunua nyingine ya mtumba, uikague kwa tochi hiyo hiyo dukani. Hiyo mbovu iweke mbali na nzima, maana kuvu huenea kwenye begi lenye unyevu.